Msiba Uliotimiza Akidi

Katika maisha yangu nimeandika wasifu wa marehemu wengi kuliko barua. Si sifa niliyoitafuta. Zamani, mtu wa kwanza wa chama chetu alipofariki hapa Rexdale, Kanada, wanaume wote waliojua kuandika walikuwa zamu za mchana huko karibu na uwanja wa ndege, nikabaki mimi na kalamu. Nikaandika kama nilivyosikia wasifu ukisomwa Morogoro tangu utoto: marehemu alizaliwa wapi, akasoma wapi, akafunga ndoa na nani, akajaliwa watoto wangapi, akaugua nini, ameacha nani. Watu walilia vizuri. Tangu siku hiyo, mtu akikata roho kati ya barabara ya Kipling na ya Islington, simu ya pili baada ya ile ya hospitali huja kwangu.

Chama chenyewe ni cha kuzikana. Tumo Watanzania, Wakenya, Wakongo, na Waganda wachache wanaodai kwamba wanaelewa. Waislamu wamo, Wakristo wamo, tuna shehe wa kwetu wenyewe na padri wa kuazima. Na tuna katiba. Kifungu cha tano kinasema kila nyumba ina kura moja, na kura hiyo hupigwa na mkuu wa nyumba, naye ni mume. Mume akifariki, kura inakwenda kwa mtoto wa kiume, na kama hakuna mtoto wa kiume, kwa mkwe wa kiume. Kifungu hicho nakijua vizuri kwa sababu nilikichapa mimi. Marehemu mume wangu na wenzake walikaa sebuleni kwangu wakisema, nami nikichapa kwa vidole viwili na kunyanyuka kila mara kuongeza chai. Walipofika kifungu cha tano niliuliza kama kuna anayetaka sukari zaidi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mume wangu alipofariki, wasifu wake niliuandika pia, na huo ndio pekee uliowahi kunishinda kuusoma mpaka mwisho. Arobaini haijatoka, katibu akafungua daftari la nyumba, akalikata jina lake kwa rula ili mstari unyooke, akaandika juu yake jina la mkwe wangu. Mimi nimebarikiwa binti mmoja tu, kwa hiyo kura yangu ilihamia Pickering, anakokaa na mumewe.

Mkwe wangu ni mtu mzuri. Nilitangulize hilo. Ni mtu wa magharibi ya Kenya, na kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, wala hawazungumzi ana kwa ana. Kwetu tuna heshima ya ukwe, lakini si ya kiasi hicho, na mimi nilidhani Kanada ingeilainisha. Wapi. Nikiingia nyumbani kwao kwa mlango wa mbele, yeye hutokea kwa mlango wa gereji. Tukikutana dukani hugeukia rafu akasoma makopo ya nyanya mpaka nipite. Siku moja barafu iliniangusha mbele ya nyumba yao. Alikimbia ndani kumwita binti yangu, na kabla binti hajatoka, yeye alishaleta kiti, akakiweka hatua kumi kutoka nilipolala, akaondoka kwa adabu.

Mtu huyo, ambaye hawezi kuniuliza nimeamkaje, ndiye aliyekabidhiwa kusema ninachofikiri. Tukawa na utaratibu. Kwenye mkutano wa mwezi mimi hukaa upande wa kina mama, karibu na birika. Yeye hukaa nyuma kabisa, kiti amekielekeza ukutani. Ikija hoja, namnong'oneza binti yangu. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote na kukijibu chote kwa Kiingereza, humwandikia mumewe ujumbe wa simu. Mumewe huusoma, hutafakari, kisha hunyanyua mikono miwili: wa kulia ni wa nyumba yake, wa kushoto ni wa nyumba yangu. Nikitofautiana naye, mkono mmoja hubaki chini. Wageni wanaotutembelea hudhani ana maswali mengi.

Utaratibu huo ulifanya kazi mpaka siku ya hoja ya makaburi. Mwenyekiti alipendekeza chama kishughulike na kusafirisha miili kuirudisha nyumbani tu, na anayetaka kuzikwa Kanada ajitegemee. Sasa, mume wangu amelala hapa hapa Etobicoke, chini ya jiwe dogo ambalo majira ya baridi nalifukua kwa mkono ili nilione jina lake. Nataka kulala pembeni yake. Sitaki kupanda ndege nikiwa mzigo. Nilimnong'oneza binti yangu aandike hapana, na aandike kwa herufi kubwa. Akaandika. Lakini ukumbi wetu uko chini ya ardhi, na mtandao humo huja ukipenda. Mwenyekiti akaita kura. Mkwe wangu akatazama simu, akatazama saa ya ukutani, akaona heri afuate wengi, na mikono yote miwili ikapanda. Ujumbe ulimfikia mkwe wangu wakati katibu alikuwa tayari anaandika matokeo. Nilimwona akiusoma. Aliinamisha kichwa, na masikini hata pole hakuweza kuja kunipa.

Nilikasirika mpaka nikasahau kuosha vikombe. Wiki hiyo hiyo niliandika barua kuomba kifungu cha tano kibadilishwe, kila mjane apige kura yake mwenyewe. Wake wenye waume sikuwaombea, kwa kuwa niliona wao wana mtu wa kumpigia kelele nyumbani. Mwenyekiti, ambaye alikuwa rafiki wa mume wangu na ana sauti isiyohitaji kipaza sauti, alisema barua ni nzuri sana, ina Kiswahili fasaha, ila katiba haibadilishwi mpaka mkutano mkuu utimize theluthi mbili ya nyumba zote. Mara mbili mkutano mkuu ukaitishwa, na mara mbili tukahesabiana: huyu yuko zamu, huyu mtoto wake ana mechi, huyu ameiona theluji dirishani akarudi kulala. Akidi haikutimia. Barua yangu ikawa kiporo, na mikono ya mkwe wangu ikaendelea kupanda na kushuka.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa rafiki yangu aliponiletea mama mmoja, ndani ya karatasi. Rafiki yangu ni Mwismailia mzaliwa wa Mwanza, anakaa North York, na kwa methali za Kiswahili ananishinda. Tangu astaafu anajitolea maktaba. Alinieleza kwamba maktaba inaandaa maonyesho ya wanawake wa zamani wa mji huu, na wanataka maisha yao yaandikwe kwa lugha za watu wanaoishi hapa sasa: Kisomali, Kipunjabi, Kihispania. Kiswahili kilikuwa kimebaki peke yake bila mwandishi. Akanipa karatasi tatu za Kiingereza, akanywa chai, akaenda zake.

Nilizisoma jikoni nikiwa nimesimama, nikisubiri maharage. Yalikuwa maisha ya mwanamke wa karne ya kumi na tisa, mwandishi wa magazeti, aliyezunguka mji hadi mji akidai wanawake wapewe kura. Nilitarajia tajiri fulani mwenye kofia. Nikakuta binti wa wakulima aliyeandikia kwenye meza ya jikoni huku kitu kikichemka pembeni, kama mimi. Alikusanya saini, akazipeleka bungeni, waheshimiwa wakacheka. Akakusanya nyingine. Halafu nikafika pale karatasi ilipoeleza sheria ya siku zake, kwamba mume na mke walihesabiwa kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Nikasema kwa sauti, jikoni, peke yangu: kifungu cha tano. Nikaendelea. Mbele kidogo karatasi ikasema kwamba karne hiyo hiyo, kabla wake za watu hawajapata chochote, wajane wenye mali walishapewa kura ya mji. Wajane, karne ya kumi na tisa. Mimi nilikuwa nyuma ya watu waliosafiri kwa farasi. Maharage yaliungua.

Nikakaa kuandika. Na hapa ndipo palipotokea kosa ambalo mtu wa kabila jingine la waandishi asingelifanya. Mimi maisha ya mtu najua kuyaandika kwa namna moja tu. Juu nikaweka, kwa herufi kubwa, WASIFU WA MAREHEMU. Nikaendelea: marehemu mama yetu mpendwa alizaliwa katika familia ya wakulima, hapa hapa Ontario, akiwa mtoto wa pili. Mwaka wa kuzaliwa niliuacha wazi, nikitaka kuuhakiki kwanza. Nikaandika shule, ndoa, watoto. Asubuhi nikautuma kwenye kundi la simu la chama, nikaongeza kwamba naomba wenzangu wautazame kabla ya Jumamosi, siku ulipoitishwa mkutano mkuu wa tatu. Kisha nikaenda kazini, kwenye jiko tunakopakia vyakula vya ndege, ambako simu zinafungiwa kabatini mpaka zamu iishe.

Nilipofungua kabati jioni, simu ilikuwa ya moto. Kundi letu huonyesha mistari michache ya kwanza, anayetaka mingine lazima abonyeze. Hakuna aliyebonyeza. Kwa nini abonyeze? Wasifu ulikuwa umetoka kwangu, na mimi sijawahi kutuma wasifu wa mtu aliye hai. Kulikuwa na mishumaa, mikono iliyofumbatwa, poleni wafiwa, apumzike kwa amani, innalillahi. Mtu wa Scarborough aliandika kwamba alimkumbuka marehemu kwa ukarimu wake. Mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba kwa kuwa tumefikwa na msiba, mkutano mkuu wa Jumamosi hautakuwepo, badala yake sote tukutane ukumbini kwa wasifu na sala. Chini yake nyumba zilikuwa zinajiandikisha, na kila moja inaleta nini: wali, chapati, mchuzi wa mbuzi, juisi.

Nilianza kuandika kwamba jamani mmekosea. Nilishaandika nusu. Halafu, nikiwa nimesimama kituo cha basi na upepo ukinipiga masikioni, nikaihesabu ile orodha. Nikaihesabu tena. Nyumba zote za chama zilikuwa zinakuja isipokuwa tatu, na kati ya hizo tatu moja ilikuwa inatafuta mtu wa kubadilishana naye zamu. Kwa mkutano mkuu hawaji. Kwa msiba hawakosi.

Sikusema uongo. Nataka hilo lieleweke. Niliufuta ujumbe wangu, nikaandika mwingine: asanteni kwa pole zenu, ila naomba mfahamu kwamba marehemu hakufariki leo, amefariki zamani kidogo. Majibu yakaja kwamba Mungu hutuita kwa wakati wake. Nikaandika tena kwamba asomaye wasifu wote ataelewa. Mwenyekiti akajibu kwamba tutausikiliza wote Jumamosi, shemeji, tukiwa pamoja. Basi nikaona kwamba mtu mzima nimeshamwambia mara mbili. Rafiki yangu wa Mwanza nilipompigia alicheka mpaka akakohoa, kisha akanigombeza kwamba ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa basi mimi nitamkamua msibani. Lakini akaahidi kuleta picha.

Jumamosi nilifika mapema, nikakuta wenzangu wamefika mapema zaidi. Sufuria zilikuwa zimepangwa ukutani, kina mama wamefunga kanga viunoni, wanaume wamekunja nyuso. Bibi wa Kikongo wa ghorofa ya kumi na moja, ambaye hajawahi kukosa msiba hata wa jirani wa jirani, alikuwa tayari amekaa chini kwenye mkeka analia. Alilia kwa ufundi, akipumzika kila baada ya muda kuuliza kama chai imeiva. Mwenyekiti alinivuta pembeni aniulize dini ya marehemu, maana shehe na padri wote wawili walikuwepo na hawakujua nani aanze. Nikamjibu kwamba alikuwa Mkristo, wa aina ya kubishana. Padri akaanza.

Rafiki yangu akaingia na picha, akaiweka mezani katikati ya maua. Ilikuwa kubwa, nyeusi na nyeupe: mama wa Kizungu, nywele amezifunga kisogoni, kola ya lesi mpaka kidevuni, ananitazama kama mtu aliyekatizwa akiandika. Watu walipita mmoja mmoja kutoa heshima. Walifika, wakainama, wakainua macho, wakasimama hapo muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Yule wa Scarborough aliyemkumbuka kwa ukarimu alirudi kutazama mara ya pili. Mwenyekiti akaninong'oneza tulifahamianaje. Nikasema tulikutana kupitia maktaba. Akasema anaonekana alikula chumvi nyingi. Nikasema sana.

Kisha nikaitwa kusoma. Ni lazima nieleze kitu kwa asiyetujua. Kwetu mzungumzaji yeyote anaweza kukatizwa: mwenyekiti hukatizwa, padri hukatizwa na watoto, bwana harusi hukatizwa na wajomba. Msoma wasifu hakatizwi. Ukishasema marehemu alizaliwa, mpaka useme ameacha, hakuna anayekohoa bila sababu. Na hiyo kwa miaka yote ndiyo ilikuwa nafasi pekee ambapo mwanamke wa chama chetu alisimama mbele ya wanaume akasema mpaka akamaliza. Nilikuwa nayo mkononi muda wote huo na sikuwahi kuitambua.

Nilisoma polepole. Kuzaliwa kulipita, shule ikapita, ndoa ikapita na sauti za pole. Nilipofika aliposafiri kwenda kuhutubia kwa gari la kukokotwa na farasi juu ya theluji, nikasikia kiti kikilia. Nilipotaja malkia aliyekuwa akitawala, katibu akavua miwani. Niliona utambuzi ukipita kwenye viti, safu kwa safu, wanaume wakitazamana, wake zao wakitazama sakafu ili wasicheke. Mwenyekiti alifungua mdomo, akakumbuka ni wasifu, akaufunga. Nikaendelea. Nikasoma waheshimiwa waliocheka, na saini alizokusanya tena. Nikasoma ile sheria ya mume na mke. Nikasoma wajane. Nikasoma kwamba marehemu alifariki kabla hajaiona siku aliyoipigania.

Mwisho wake nilikuwa nimeuandika upya asubuhi ile, baada ya kulala na kuamka nao. Marehemu, nikasoma, ameacha wanawake wote wa mji huu, wakiwemo kina mama waliomo humu ndani, ambao siku ya uchaguzi wa mji hupiga kura, na siku ya mkutano wa chama huchemsha chai. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Nikakunja karatasi.

Mwenyekiti akasimama akasema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele, kwamba shemeji ametutoa majumbani, watu wameacha kazi, bibi huyu amelia tangu asubuhi, kwa mtu aliyekufa kabla ya babu zetu kuzaliwa. Nilikuwa na jibu, nilikuwa nimelifanyia mazoezi ndani ya basi. Lakini bibi wa Kikongo alinitangulia, bila kuinuka mkekani.

"Mie nimeisha kumulilia," alisema. "Machozi hairudiaka ndani ya macho."

Hapo wengi wakakubaliana naye, kwa sababu na wao walikuwa wamelia kidogo, na wali ulikuwa umeshapikwa. Nikapata nafasi. Nikasema hivi: kama huu ni msiba, basi marehemu ni wetu, na neno lake lisikilizwe. Kama si msiba, basi leo ndiyo tarehe ya mkutano mkuu, na katibu ahesabu nyumba. Katibu, ambaye anapenda kuhesabu kuliko kula, alikuwa ameshahesabu. Akidi ilikuwa imetimia na kupita.

Mwenyekiti hakushindwa kirahisi. Aliuliza, akitazama safu za nyuma, kama kuna mwanamume yeyote mwenye nyumba anayetaka kuitetea hoja hii, maana kwa mujibu wa katiba mimi mwenyewe sikuwa na haki ya kuileta. Hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi. Niliangalia viti. Kila aliyekutana na macho yangu alikumbuka kutazama simu. Nikawaza jiwe la mume wangu kule Etobicoke, na nafasi tupu pembeni yake.

Nikasikia kiti kinavutwa huko nyuma, karibu na ukuta. Mkwe wangu alikuwa amesimama. Alikuwa anatazama dari, tena kwa bidii.

"Mimi sina maneno mingi," alisema. "Kwetu, mtu hakalii kiti ya mama mkwe. Akikalia, ni mwiko, na wazee lazima watafute kondoo ya kumsafisha. Mimi kiti yake sijawahi kuigusa. Lakini kura yake nimeikalia miaka tatu, na nyinyi ndio mliniketisha. Siku ya makaburi niliipiga vibaya, na mpaka leo sijaweza kumwambia pole, kwa sababu siwezi kumwambia kitu. Naomba niinuke."

Akabaki amesimama, macho darini. Nilikuwa nimemhesabu kuwa ukuta kwa miaka yote hiyo, na yeye alikuwa amebeba aibu yangu na yake.

Wanaume wa chama chetu sheria wanaweza kubishana nayo mpaka alfajiri, lakini mwiko hakuna anayetaka kuugusa. Wazee wawili wa Kikenya wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini kondoo wangepatikana wapi Ontario. Mwenyekiti akaita kura ya kubadili kifungu cha tano. Nikanyanyua mkono. Akaniambia niushushe, kwa kuwa katika hoja hii bado sikuwa mpiga kura. Kwa hiyo kura ya mwisho iliyopigwa kwa niaba yangu aliipiga yeye, mkwe wangu, mikono yote miwili juu kabisa, bila kuangalia simu. Hoja ikapita. Katibu akatoa rula, akakata mstari ulionyooka, akaandika jina langu. Wake wenye waume wakaanza kuuliza kwa nini wajane tu, na mwenyekiti akasema hilo litakuja kwenye mengineyo. Wakasema wanasubiri.

Ajenda iliyofuata ilikuwa makaburi, kwani uamuzi ule ulihitaji kuthibitishwa na mkutano mkuu. Ndiyo hiyo niliyoitaka, hiyo ndiyo iliyonitoa jasho muda wote huo. Nikavuta kiti mbele. Lakini mtu mmoja akanyanyua mkono akatoa hoja kwamba chakula kinapoa, na kwamba tule kwanza, makaburi yahamie mkutano ujao. Mwenyekiti akauliza wanaounga mkono. Mikono ikapanda ukumbi mzima, pamoja na wa mkwe wangu, wa kulia peke yake. Wa kushoto alikuwa ameutia mfukoni.

Akauliza wanaopinga.

Nikanyanyua wangu. Katibu akahesabu upande ule, kisha akahesabu upande huu, kwa haki yote, kidole kikinielekea. Nilishindwa vibaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kushindwa katika chama kile. Watu wakakimbilia sufuria, bibi wa Kikongo akiongoza, na mimi nikabaki nimekaa chini ya ile picha mpaka binti yangu aliponiletea sahani niliyopakuliwa na mumewe, vipande vya nyama vingi kuliko haki yangu. Kwenye kumbukumbu za mkutano imeandikwa mpaka leo: wanaopinga, mmoja. Huyo ni mimi.